Tatu Kamili

Kwanza niseme wazi: mimi hesabu sizijui. Mimi ni mpiga chapa wa ofisi ya utafiti hospitalini, nachapa ninachopewa, na mtu akiniuliza zaidi ya hapo namwambia akawaulize wenye vyeti. Nayasema haya mapema kwa sababu kwenye habari hii kuna kosa, na nusu ya kosa hilo ni langu, na sitaki mtu aje aniambie, "Lakini mama, si ungejua?" Ningejuaje?

Habari yenyewe ni ya mwenzangu, karani wa takwimu, ambaye ofisi nzima inamwita Bi Desimali. Meza zetu zinatazamana, mwaka wa kumi na moja huu. Jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kukadiria namba yoyote maishani mwake. Mkuu wetu wa idara akisema mkutanoni, "Tulihoji watu kama mia hivi," mkono unanyooka kule nyuma: "Tisini na saba, Mkuu." Ukimuuliza umri wake, hamsini na moja nukta nne. Siku moja nilimwomba aonje chai yangu aniambie kama sukari imezidi, akaniuliza nimeweka vijiko vingapi na vya ukubwa gani. Nikamwambia toka hapa!

Anaishi peke yake, vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Aliwahi kuchumbiwa, akavunja mwenyewe, na sababu hajanipa mpaka leo, nami si kwamba sijauliza. Ndugu aliyebaki naye ni mmoja tu, mdogo wake wa kike, fundi cherehani, anayekaa mtaa wa pili. Huyu mdogo mtu tangu afiwe na mumewe alishikwa na sonona, ile huzuni inayomkalia mtu kifuani haitoki, halali, hali, haogi, cherehani imefunikwa shuka mwaka wa tatu. Kilichokuwa kinamsimamisha ni nesi wa majumbani. Jumanne na Ijumaa nesi anaingia na sauti yake ya kuamsha mtaa, anahesabu vidonge, anafungulia maji bafuni, anakaa mlangoni mpaka mgonjwa aoge. Bi Desimali alikuwa akisema kwamba wiki ya mdogo wake ina siku mbili, zilizobaki ni za kusubiri.

Sasa, ofisini kwetu kulikuwa na utafiti. Wagonjwa wa sonona mia na ishirini na wanane waligawanywa kwa kura. Nusu yao waliingia kwenye kikundi cha mazungumzo kila Jumatano, nusu wakaambiwa wasubiri zamu yao. Baada ya miezi mitatu wote wakajaza karatasi ya maswali: unalalaje, unakulaje, unajionaje. Alama zikiwa nyingi ndivyo hali ilivyo mbaya, na mwisho wake ni ishirini na saba. Karatasi za kikundi zilikuwa za manjano, za waliosubiri nyeupe. Bi Desimali aliingiza kila moja kwenye kompyuta kwa mkono wake, huku rula ya chuma ikikaa chini ya mstari anaousoma.

Matokeo yakaonyesha kwamba wa kikundi wana nafuu kuliko waliosubiri. Mkuu akaandika ripoti, akaipeleka kwenye jarida, ikarudishwa na barua. Wasomaji wa jarida walisema hivi: mmetuambia tofauti ipo, lakini hamjatuambia tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani. Tupeni ukubwa wa athari. Mkuu akaitaka namba hiyo siku hiyohiyo, na mtakwimu wetu mpya, mama mmoja mpole mwenye ofisi mbili, kwetu huja Jumatatu tu. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Naijua njia yake," Bi Desimali akasema. "Unachukua wastani wa kundi moja, unatoa wa kundi la pili, unagawa kwa mtawanyiko. Nisomee jedwali."

Hapo ndipo ninapoingia mimi, Mungu anisamehe. Ofisini kwetu tuna utaratibu wa kusomeana: mmoja anasoma, mwenzake anaandika, ili jicho moja lisifanye kazi ya mawili. Na kwa miaka yote hiyo, tangu enzi za mtakwimu mzee aliyestaafu, namba iliyo kwenye mabano pembeni ya wastani ilikuwa mtawanyiko, yaani watu wako mbali kiasi gani na huo wastani wao. Hatukuwa hata tukisoma kichwa cha jedwali. Mabano ni mtawanyiko, kwisha habari. Basi nikasoma: "Waliosubiri, kumi na tatu nukta tatu, mabano, sifuri nukta saba. Kikundi, kumi na moja nukta mbili, mabano, sifuri nukta saba." Chini ya jedwali kulikuwa na mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Sikuusoma. Nani anasoma mistari ile?

Akatoa, akapata mbili nukta moja. Akagawa kwa sifuri nukta saba. Akakiangalia kikokotoo, akafuta, akarudia.

"Tatu," akasema. "Tatu kamili."

Nilicheka mpaka nikashika meza, maana miaka yote sikuwahi kumsikia akitoa namba isiyo na mkia. Na yeye mwenyewe alicheka. Mkuu alipoletewa karatasi alifungua kitabu chake cha mwongozo: sifuri nukta mbili ni athari ndogo, nukta tano ya kati, nukta nane kubwa. Akaangalia kitabu, akaangalia karatasi. "Tatu!" akasema. "Mama zangu, tatu!" Alitupigia makofi pale mlangoni kama tumefunga goli.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wa kwetu sisi, anayemsikia ndiye anayevunjika. Wiki ile ile Mkuu akatoa tangazo: kwa kuwa kikundi kina nguvu kiasi hicho, wagonjwa wote wa sonona wahamie kikundi, na manesi wa majumbani warudi wodini ambako watu hawatoshi. Jumanne iliyofuata nesi hakwenda kwa mdogo mtu.

Je, Bi Desimali alilalamika? Thubutu! Alifurahi. Aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba anaogopa kuisikia mwenyewe, "Mwenzangu, dawa imepatikana, na namba yake nimeitoa kwa mkono wangu." Jumatano akaomba ruhusa, akakodi teksi, akampeleka mdogo wake. Jumatano ya pili tena. Mdogo mtu alikaa kwenye duara la viti, hakufungua mdomo, akarudishwa nyumbani, akajifunika shuka.

Jumatano ya tatu nilikwenda nao, nikiwa na haja ya kufika upande ule. Tulimkuta kitandani, nywele hazijaguswa tangu nesi aondoke, na chumba kinanuka. Vidonge vya wiki mbili vilikuwa vimejaa kwenye boksi lake.

"Dada, siwezi leo," akasema.

"Hata wiki iliyopita hukuweza."

"Watu wengi mno. Mlete nesi."

"Nesi wa nini? Kikundi kinaponya! Nimeandika mimi, tatu kamili, unajua tatu ni nini? Hakuna mtu anayekwenda pale asipate nafuu!" Na hapo Bi Desimali akasema neno ambalo nililisikia kwa masikio yangu, na natamani nisingelisikia. "Kama wewe hupati nafuu basi ni wewe mwenyewe. Hutaki kupona."

Mdogo mtu aligeukia ukutani. Siku iliyofuata alifunga mlango kwa ndani, na tangu hapo akawa anapokea chakula kupitia dirishani na vyombo anavirudisha hapohapo, nusu ya chakula ikiwa imebaki. Kwa dada yake hakutoa neno hata moja.

Bi Desimali akaanza kuharibika. Mara anipe karatasi za kuchapa zisizo na namba za kurasa, mara amwage wino. Akawa ananitazama katikati ya kazi na kuuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu. "Kama athari ni tatu, kwa nini yeye?" Nikamjibu kwamba watu hawafanani. "Ndiyo, hawafanani," akasema, "lakini tatu ni kubwa mno kwa kutofanana. Nimechanganyikiwa, mwenzangu." Nilimwambia hata mimi, na nilikuwa nimechanganyikiwa kabla yake. Yeye ana mdogo wake mbele ya macho na namba mkononi, na viwili hivi vinapingana, na hajui kipi kinamdanganya. Mimi sikujua hata swali ni lipi.

Ijumaa saa ya chakula cha mchana nikamkosa kantini. Nilimkuta ukumbi wa mikutano, viti vimesukumwa ukutani, na ile meza ndefu imejaa karatasi. Alikuwa amezitoa karatasi zote mia na ishirini na nane kwenye maboksi, akawa anazipanga kwa alama: sifuri mwisho huu wa meza, ishirini na saba mwisho ule, na zenye alama sawa zinalaliana.

"Simama hapo, usipumue, utazipeperusha," akaniambia. "Unaona nini?"

"Naona meza chafu."

"Manjano na nyeupe. Ziko wapi?"

Nikatazama. Zilikuwa kila mahali. Manjano zilisogea kidogo upande wa alama ndogo, kweli, ukikunja jicho unaona. Lakini zilikuwa zimechanganyika kama watu kwenye foleni ya benki. Kulikuwa na za manjano kule mwisho, ishirini na mbili, ishirini na nne, watu walioketi kwenye kikundi miezi mitatu na bado hali zao zinatisha. Na nyeupe nyingine zilikuwa kwenye nne na tano.

"Wastani wa nyeupe ni kumi na tatu nukta tatu," akasema. "Kama athari ni tatu, manjano karibu zote zingekuwa chini ya hapo. Sitini na nne zote, au labda mmoja abaki. Nimezihesabu. Ni arobaini na moja. Wengine ishirini na watatu wako juu, kama mdogo wangu." Akakaa kwenye kiti, rula mkononi. "Watu hawa nawajua. Nimewaingiza mmoja mmoja. Karatasi hizi hazisemi tatu."

"Sasa zinasema nini?"

"Sijui," akasema. Neno hilo kwake sikulizoea.

Hatukumwambia mtu mpaka Jumatatu. Mtakwimu alipofika, kabla hajavua koti, Bi Desimali alimwekea jedwali mbele yake, akamwonyesha alivyogawa. Mama yule akalitazama, akafunga macho, akaweka kidole kwenye ule mstari wa chini wa mayai ya chawa.

"Hii kwenye mabano si mtawanyiko wa watu," akasema taratibu. "Programu yangu inaweka kitu kingine hapo. Ni kuyumba kwa wastani wenyewe. Yaani tungeurudia utafiti huu mara nyingi, wastani ungecheza kiasi gani. Unaupata kwa kugawa mtawanyiko kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Sitini na nne, kipeuo chake nane. Kwa hiyo hii ni ndogo mara nane kuliko mliyoitaka."

Bi Desimali hakuhitaji kikokotoo. "Tano nukta sita," akasema. "Mbili nukta moja, kugawa kwa tano nukta sita. Sifuri nukta tatu saba tano."

"Na hata hiyo haina uhakika," mtakwimu akaongeza. "Kwa watu wachache hivi, ukweli unaweza kuwa popote kati ya karibu na sifuri mpaka nukta saba na kitu."

Mimi nikauliza, maana sikuweza kujizuia: "Kwa hiyo kikundi kinasaidia sana au kidogo?"

"Inategemea."

Lo! Watu wa vyeti na inategemea yao! Nilitaka kumrushia faili. "Inategemea nini, mama? Mtu amejifungia ndani huko!"

Hakukasirika. Alisema inategemea unalinganisha na nini, na gharama ya kukosea ni ipi, na kwamba namba ile inasema habari za kundi zima, haimsemi mtu mmoja. Sikuelewa vizuri wakati ule, na sasa naelewa kidogo zaidi, lakini msinibane.

Tukaingia kwa Mkuu watu watatu. Bi Desimali akapiga moyo konde, akasema, "Mkuu, ile tatu si tatu. Nimegawa kwa namba isiyo yake. Kosa ni langu." Mimi nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nilitazama zulia. Nilihesabu mistari ya zulia, mimi nisiyejua hesabu, mpaka nikaona aibu, nikasema, "Na mimi ndiye niliyemsomea."

Mkuu aligeuka rangi. Alisema tumemvua nguo hadharani, kwamba ameshawatangazia wakubwa, kwamba uchapaji na ukarani si kazi ya kulala. Tulinywea. Kisha akachukua kile kitabu chake cha mwongozo, akapitisha kidole, na uso ukabadilika tena. "Nukta tatu saba tano," akasema. "Si hata ya kati. Ndogo. Basi hakifai hiki kikundi, tukifunge."

Hapo sasa akili yangu ikasalimu amri. Alhamisi ile kikundi kilikuwa dawa ya dunia, leo ni takataka, na duara la viti ni lilelile na watu walewale!

Ni Bi Desimali aliyesema. Aliinua sauti, yeye ambaye hapazi sauti. "Mkuu, tofauti ni alama mbili nukta moja. Ilikuwa mbili nukta moja tulipopiga makofi, na ni mbili nukta moja sasa hivi. Wagonjwa hawajui tumegawa kwa nini. Kuna watu pale wamepata usingizi. Usiwafungie."

"Unataka nini, mama?"

"Nataka uangalie kitu kimoja." Akaweka mezani rundo la karatasi za manjano. "Hawa wote, sitini na nne, wakati wa utafiti walikuwa wakitembelewa na nesi. Na nyeupe vilevile. Tulipima kikundi pamoja na nesi. Kikundi bila nesi hatukupima, si kwa tatu wala kwa nukta tatu. Hiyo haipo kwenye meza yangu, Mkuu. Tumewanyang'anya watu nesi kwa namba ambayo haikuwahi kumzungumzia nesi."

Mkuu alimtazama mtakwimu. Mtakwimu akaitikia kwa kichwa. Mimi nikamwomba Mungu asipige chafya mtu. Mwishowe Mkuu akavuta kalamu, akaandika barua ya kuwarudisha manesi majumbani, akaamuru ripoti isahihishwe, tofauti iandikwe kwa alama zenyewe, ukubwa wa athari uandikwe pamoja na mpaka wake wa chini na wa juu. Barua hiyo nimeichapa mimi. Safari hii nilisoma mpaka mistari ya chini.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Nesi alitukuta kwenye lango la mdogo mtu, mkoba wake begani, akatusalimia kwa ile sauti yake, majirani wakachungulia. Bi Desimali aliniomba niende naye. Kwa nini mimi, sijui. Hakuwa amevaa miwani yake.

Alibisha. Akabisha tena.

"Mdogo wangu, ni mimi. Nesi amerudi."

Kimya.

"Nimekuja kukwambia neno," akasema, akiwa ameweka paji la uso kwenye ubao wa mlango. "Ile namba niliyokupigia nayo kelele haikuwa kweli. Nilikosea. Nilipokwambia hutaki kupona, nilikusingizia. Watu ishirini na watatu walikwenda kikundi mpaka mwisho, na hali zao bado mbaya. Wanataka kupona. Na wewe unataka. Mimi ndiye niliyekosea, nisamehe."

Tukasikia nyayo, pole pole, zikija mpaka upande wa pili wa mlango. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, sauti ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Na hiyo mpya inasemaje juu yangu?"

Nilidhani mwenzangu atatoa desimali.

"Haisemi kitu juu yako," akajibu. "Sina namba yako."

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono, na tukaona nusu ya uso, jicho moja, nywele zimekuwa kamba. Jicho lile lilimpita dada yake likaenda kwa nesi.

"Nesi aingie," mdogo mtu akasema. "Wewe, dada, bado."

Nesi akajipenyeza ubavu na mkoba wake, mlango ukafungwa, komeo likarudi. Tukakaa kwenye ngazi, mimi na Bi Desimali. Baada ya muda tukasikia maji yanafunguliwa bafuni na nesi anacheka. Mwenzangu alikuwa analia, machozi yanamdondokea kwenye sketi na wala hayafuti.

"Unadhani Ijumaa atanifungulia?" akaniuliza.

Nilitaka sana kumwambia ndiyo. Nikamwambia sijui, akaitikia kwa kichwa, tukaendelea kukaa.